Wazee wa zamani walikuwa wanakufa sana tu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji.

Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto kina mama wawili walikuwa wanabishana mambo ya chanjo, mmoja kampakata mtoto anasema yeye wake hampeleki kuchomwa masindano, eti mababu zetu walikula mizizi na majani hawakujua hospitali na waliishi miaka mia. Konda naye akadakia, kweli bwana, wazee wa zamani walikuwa ngangari. Nilishuka Buguruni nimekosa raha kabisa.

Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, Rufiji. Uso wake wote ulikuwa mashimo mashimo ya ndui na jicho la kushoto lilikuwa jeupe, halioni. Alikuwa anatuhadithia walivyotengwa kwenye kibanda cha makuti nje ya kijiji, wanalazwa kwenye majani ya mgomba maana mkeka ulikuwa unagandana na vidonda, chakula wanawekewa mbali huko wakifuate wenyewe, anayeweza kutambaa anamletea mwenzake. Waliingia watoto wanne wa tumbo moja akatoka yeye peke yake. Na miti shamba walipewa, sio kwamba hawakupewa! Sasa hao watatu nani anawahesabu akisema wazee waliishi sana?

Kinachoniuma, chanjo ya ndui ilikuwepo tangu 1796, Edward Jenner huko Uingereza, ila bibi yangu haikumfikia. Ilipokuja kusambazwa kweli kweli nchi zote ugonjwa ukaisha, mtu wa mwisho kuupata mtaani alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca huko Somalia, mwaka 1977. Alikuwa ameikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Akapona, na baadaye akawa anazunguka kuwaambia wazazi wapeleke watoto chanjo ya polio. 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha.

Mhariri, tumeni waandishi wawahoji wazee wenye makovu kabla hawajaisha, vijana waone hizo sura gazetini.

Na yule mama, mtoto wake nilimkadiria miezi 9 hivi, ndo umri wenyewe wa chanjo ya kwanza ya surua. Kama gazeti hili litamfikia namuomba sana ampeleke kliniki wiki hii.

Msomaji wenu,
Buguruni, Dar es Salaam