Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: tunaomba mchezo wa redio

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari Zanzibar,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Limbani, Wete, na ombi langu ni moja. Tupatie mchezo wa redio wa mfululizo, wa mwaka mzima au zaidi, unaohusu watu wa visiwa hivi wanaosusiana na namna wanavyorudiana. Semina tumeshakaa. Hotuba za amani na upendo tunazisikia kila msimu wa kampeni, na mabango tunayasoma mpaka yanapauka kwa jua.

Ramadhani iliyofuata uchaguzi wa 1995 nilikuwa na miaka tisa. Wewe unajua kususiana kwa ajili ya vyama kulivyokuwa Pemba: mtu haendi harusini, hatii mguu mazikoni, hanunui duka la mwenziwe. Mama alinituma kwa jirani na bakuli la muhogo wa nazi, limefunikwa kawa, kama alivyofanya kila mwaka. Bakuli likarudi vilevile, kawa halijafunuliwa. Mama hakusema kitu. Alilipokea, akalipakua, tukafuturu. Sitosema nani alikuwa chama gani. Hakuna anayehitaji kujua.

Nyumba zote mbili zilikuwa zikisikiliza mchezo wa redio, kila mmoja kwake, katikati uzio wa makuti. Jirani akicheka, Mama huacha kumenya na kutega sikio. Usiku mmoja redio ya jirani ikaanza kukoroma, mawe (betri) yanaisha, kisha ikanyamaza kabisa. Mama akainuka, akaichukua redio yetu, akaiweka dirishani ikielekea uziwani, akaongeza sauti. Wiki iliyofuata akafanya hivyohivyo, na iliyofuata tena. Halafu asubuhi moja tukakuta mawe mawili mapya juu ya dirisha letu, yamefungwa kwa kipande cha gazeti. Jirani angeweza kuyatia kwenye redio yake. Salamu baina yao ilirudi miezi mingi baadaye, lakini mimi nahesabu kuanzia siku ya mawe yale.

Mheshimiwa, hili halikomei kwenye kumbukumbu za mtoto. Bara walishalijaribu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliobeba mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Eneo la Dodoma likaachwa kwa makusudi mpaka 1995 ili watafiti wapate kulinganisha. Kule mchezo uliposikika, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango.

Kisha kuna Rwanda. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwachochea watu wawaue majirani zao. Miaka kumi baadaye, 2004, Wanyarwanda wakaanza kusikiliza Musekeweya, mchezo wa vijiji viwili vilivyohasimiana na wapenzi wawili waliotoka kila mmoja kijiji chake. Mtafiti wa Kimarekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwafuatilia wasikilizaji wake kwa mwaka mmoja, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Aliyoyachapisha mwaka 2009 nimeyarudia kusoma mara nyingi. Kile watu walichokiamini wenyewe moyoni hakikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona kuwa ndivyo watu wanavyoishi: kuoana, kuaminiana, kusema wazi wasipokubaliana. Mwishoni kila kikundi kikapewa redio ya kaseti na mawe yake. Waliosikiliza mchezo wa afya wakaelekea kumkabidhi kiongozi wao, basi. Waliosikiliza Musekeweya wakabishana, na wengi wakataka waitunze kwa pamoja.

Hapo nilimkumbuka Mama. Hakubadilisha chama, wala jirani hakubadilisha. Lakini Mama alidhani yuko peke yake. Ndiyo maana aliiweka redio dirishani usiku, kimyakimya, asionekane. Nina yakini kulikuwa na madirisha kama lile Konde, Kangagani, Mkoani na Unguja pia, na kila mwenye dirisha akijiona ni yeye tu. Julai 31, 2010 zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura ya maoni waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Viongozi wakashikana mikono, tukawaona. Watu wa madirishani hatujawasikia hadi leo.

Televisheni ya rangi tulikuwa nayo tangu miaka ya 1970, Bara wakasubiri hadi 1994, kwa hiyo huwezi kusema mambo haya ni mageni kwetu. Lakini washa sasa baada ya Isha: tamthilia za Uturuki, Ufilipino na India, zimetiwa Kiswahili, na mapenzi humo ni ya kugombania mume na urithi. Sizichukii, nyumbani kwangu zinaangaliwa. Ila watoto wetu wamelibana neno mapenzi likabaki la watu wawili tu. Wazee wetu walikuwa wakisema fulani "ana imani", na hawakuwa wakizungumzia swala yake. Walikuwa na maana kwamba huyo hawezi kulala na shibe na jirani ana njaa.

Mchezo ninaouomba usifunguliwe kwa salamu za kiongozi yeyote, nawe ukiwemo, uniwie radhi. Siku watu watakapoisikia Serikali ndani yake, wataizima. Wahusika waseme Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, kama watu wanavyosema majumbani, si Kiswahili cha taarifa ya habari. Waandishi watafutwe kwa mashindano ya haki. SUZA, chuo kikuu chetu cha Taifa, na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wanao watu wa kuyasimamia. Urushwe pia na redio za jamii, Micheweni na Makunduchi, maana huko ndiko watu waliko. Na mabaya yasifichwe: bakuli lirudishwe, mtoto apigwe kwa kucheza na mwenziwe, maiti akose wa kumchukua. Wasikilizaji wakiona tumeyaruka hayo, hawatoyaamini mazuri.

Uchaguzi mwengine ni 2030. Mchezo wa aina hii hauwezi kuanza miezi miwili kabla. Watu wanahitaji muda wa kuwazoea wahusika mpaka wawe kama jamaa zao, wagombane kwa ajili yao barazani. Kwa hiyo naomba uanze mwaka huu.

Mama yangu yuhai, na jirani yake yuhai. Nimewauliza kama watakubali kuhadithia mambo ya redio ile mbele ya waandishi wa mchezo. Wote wawili wamekubali. Jirani ametoa sharti moja tu, asiulizwe alimpigia nani kura.

Wako,
Mwana wa Limbani, Wete, Pemba