Mafundi, petroli si ya kusafishia prosesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi kompyuta wa hapa Moshi, pamoja na wateja wao, juu ya jambo lililonigharimu kompyuta mpakato nzima.

Niliipeleka kwa fundi mmoja wa mjini kwa sababu ilikuwa ikichemka na kujizima kila nilipofungua mafaili ya mahesabu. Fundi alitambua, na hapo hakukosea, kwamba ile pesti ya kijivu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, kwenda kwenye kipozeo ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama jaruba la Mabogini lililokatiwa maji. Kisha akamimina petroli kwenye kizibo cha chupa, akachovya mswaki uliochakaa, akasugua, na palipogoma akakwangua kwa wembe. Mashine haikuwaka tena. Fundi wa pili alinionyesha kwa lenzi kona ya prosesa iliyomeguka, na kando yake alama ya kijisehemu kidogo kama chembe ya mchanga kilichong'oka.

Wengi hawajui kwamba prosesa nyingi za mpakato hazina kofia ya chuma kama zile za kompyuta za mezani. Kile kipande kinachong'aa kama kioo ni silikoni tupu, na wembe hauna kazi pale. Petroli nayo huacha mafuta, huweza kula baadhi ya plastiki, na mvuke wake hudaka moto kwa cheche moja.

Kinachofaa ni spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 ina maji mengi, hivyo huhitaji muda mrefu zaidi kukauka, na kitakasa mikono kisitumike kabisa, kwa kuwa mara nyingi huwa na gliserini inayobaki ikinata. Spiriti hiyo nayo inawaka, kwa hiyo dirisha liwe wazi na jiko la mkaa liwe mbali.

Kwanza chaja ichomolewe na betri itenganishwe. Pesti nene ipanguswe ikiwa kavu, kisha kitambaa kilowanishwe kidogo (spiriti isimiminwe juu ya bodi) na kupitishwa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kikibadilishwa mpaka kisitoke tena na weusi. Kitambaa kisiwe cha kuacha nyuzi. Karatasi ya kuchujia kahawa inafaa sana, ingawa sisi tunaoilima kahawa wengi wetu tunakunywa chai. Uso wa kipozeo usafishwe vilevile, na baada ya hapo pasiguswe kwa kidole, maana kidole kina mafuta. Pesti mpya kiasi cha punje ya mchele hutosha kwa prosesa ndogo ya mpakato. Vile vipande laini kama raba vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu visibadilishwe kwa pesti, kwa sababu hujaza nafasi pana ambayo pesti haiwezi kuifikia.

Kwa kompyuta za mezani kuna hatari nyingine. Prosesa yenye miguu kwa chini huweza kung'oka pamoja na kipozeo pesti ikiwa imeganda, na miguu ikapinda. Mashine iwashwe kwanza dakika chache ili pesti ilainike, izimwe na kuchomolewa umeme, kisha kipozeo kizungushwe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa. Kisivutwe wima kwa nguvu.

Fundi wangu alijitetea kwamba spiriti ya kweli ni ghali na wateja hawataki kuilipia. Ikiwa hilo ndilo tatizo, aiandike kwenye bei na amwonyeshe mteja chupa kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Mimi ningeilipia bila kusita.

Mhasibu mstaafu,
Majengo, Moshi.