Mwanangu, beba gemu zenye mwisho

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kitu kimoja tu: katika gemu zote zilizomo humu ndani, na zile za kununua, ipi ubebe unapohamia huko masomoni na ipi uiache. Nimefurahi umeniuliza mimi, maana rafiki zako wangekutajia wanazocheza wiki hii. Lakini hicho chumba utakaa na nani? Hukusema. Nimeurudia ujumbe wako nikitafuta jina la mtu, sikuliona. Kama utakaa peke yako niambie mwenyewe, nisije nikasikia kwa mdogo wako.

Hofu yangu ndiyo hiyo, na nitairudia humu hata ukichoka. Gemu zenyewe hazinitishi. Unajua ni nani aliyekushikisha padi ya kuchezea kabla hujajua kusoma. Ninachoogopa ni gemu isiyokwisha, ndani ya chumba ambacho hakuna mtu wa kugonga mlango akakuambia, baba, lala.

Zile tulizoanza nazo zilikwisha. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina dunia 8, kila dunia hatua 4, jumla 32. Ukimwangusha Bowser, yule adui wa mwisho, umemaliza, unazima, unaenda zako. Hizi ulizozishikilia miezi hii hazikujengwa hivyo. Fortnite imetoka 2017 na mpaka leo haijafika mwisho: msimu ukifungwa unafunguliwa mwingine, na zawadi za msimu usipozipata kabla ya tarehe, huenda zimekupita. Nimekuangalia ukiicheza usiku ukiwa umechoka, huna hata raha, unaikimbiza tarehe tu. Na zile pakiti za wachezaji kwenye gemu ya mpira, unalipa kwanza ndipo ujue ndani yumo nani. Ubelgiji mwaka 2018 waliamua kwamba masanduku ya kulipia ya namna hiyo ni kamari kwa sheria yao, na mwaka uliofuata EA, wenye ile gemu ya mpira iliyoitwa FIFA, wakaacha kuuza nchini humo pointi zake za kununulia pakiti. Haya nilikuambia ana kwa ana, ukanijibu kwamba wewe huna hela ya kuchezea. Ilikuwa kweli. Sasa utakuwa nayo.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Sikutajii ili nikutishe. Nimesoma wanachokiangalia, na saa pekee hazitoshi kwao: wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imeyapita mambo yake mengine yote, na kama anaendelea huku akiona inamuumiza, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Wewe hujafika huko. Ya mwezi wa mtihani unayajua, siyarudii. Ulijitoa mwenyewe na ukafaulu, na nilijivuna mbele ya watu kuliko nilivyokuonyesha wewe.

Sasa gemu.

Ya kwanza ni EarthBound, na hii sitaki tuijadili. Ilitoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, kazi ya Shigesato Itoi, ikafika Marekani mwaka uliofuata kwa konsoli ya Super Nintendo. Sasa unaipata kwenye Switch, konsoli ya Nintendo, katika maktaba ile ya gemu za zamani ya wanaolipia uanachama. Nilikuwa nakuambia uicheze, unasema picha zake za kitoto. Ni habari ya kijana anaitwa Ness anayeondoka kwao kwenda mbali. Baba yake humwoni hata mara moja, unamsikia kwenye simu tu. Ukitaka kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, unampigia baba. Hela unazozipata kwa kushinda maadui, baba ndiye anayekuwekea benki. Ukicheza muda mrefu bila kupumzika, baba anapiga mwenyewe na kukuuliza kama hujachoka, huoni ni vizuri upumzike kidogo? Mwaka 1994 mtu alikaa akalitia hilo ndani ya gemu! Halafu kuna jambo jingine. Ness akikaa muda mrefu bila kuwasiliana na kwao, anashikwa na hamu ya nyumbani. Katikati ya pambano anaduwaa, anamkumbuka mama yake, zamu yake inapita bure. Humtibu kwa dawa za dukani. Unatafuta simu, unampigia mama, anapona.

Hilo sikulitunga mimi, baba. Basi ukimwona Ness ameduwaa, weka padi chini unipigie na mimi.

Ya pili ni ya kukutafutia mtu. It Takes Two, ya mwaka 2021, ya studio ya Hazelight inayoongozwa na Josef Fares. Haichezeki na mtu mmoja, wameikatalia kabisa. Mume na mke wanaotaka kuachana wanageuzwa wanasesere wadogo, na hawawezi kuvuka hatua hata moja bila kusaidiana. Mwanzoni mmoja anapewa misumari na mwenzake nyundo: huyu anapigilia msumari ukutani, yule anauning'inia kwa nyundo apite. Sura ikibadilika, vifaa navyo vinabadilika, kwa hiyo anayejua gemu hana nafasi ya kumburuta asiyejua. Mtafute mtu wa chumba cha pili au cha tatu, hata kama hajawahi kushika padi; hasa kama hajawahi kushika. Na ukikosa mtu, nakala moja inatosha watu wawili walio mbali: mwenye nayo anamwalika mwenzake, mwenzake anapakua toleo la rafiki bila kulipa. Kwa hiyo inunue wewe, na mdogo wako acheze nawe kutoka hapa sebuleni. Ameshaanza kuuliza jioni atacheza na nani. Nimemwambia atacheza na mimi, akaniangalia kwa huruma.

Kwa ajili hiyo ubebe padi mbili. Nintendo 64 ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na matundu manne ya padi pale mbele, na watu walikaa wanne mbele ya runinga moja wakisukumana kwenye Mario Kart na GoldenEye. Waliounda kile chombo waliwaza chumba chenye watu. Siku hizi unafungua boksi unakuta padi moja. Ukiwa na moja tu chumbani, mgeni akija atakaa kukutazama, na hatarudi. Ile ya kijani lakini usiiguse, ni ya mdogo wako. Ya pili nitakununulia.

Najua utakachonijibu, maana una ubishi wa baba yako: Tetris nayo haina mwisho, na wewe mama unaipenda. Ni kweli, naipenda. Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, na watu wameicheza miaka yote hii bila kuumaliza ukuta wake. Ile ya NES, konsoli ya zamani ya Nintendo, ilikuja kushindwa Desemba 2023 na kijana wa miaka 13 wa Marekani: alifika hatua ya 157, gemu ikaganda yenyewe, akashika kichwa. Lakini Tetris haikuiti. Matofali yanapanda, unashindwa, raundi imekwisha, na ukiiacha mwezi mzima unaikuta ilivyokuwa. Haikukatii tarehe, haikuambii wenzako wamekupita. Ukiniuliza tofauti iko wapi, iko hapo. Gemu inayokusubiri ibebe. Inayokufuata iache, au iweke siku ya Jumamosi peke yake.

Kwa sababu hiyo nimesitasita juu ya Stardew Valley. Naiheshimu sana. Eric Barone aliifanya peke yake, picha, muziki na programu, ikatoka 2016, na kila mtu aliyeigusa ameipenda. Unaachiwa shamba na babu yako, unalima, unavua, unajuana na watu wa kijiji. Lakini gemu inasevu ukilala humo ndani yake, na siku moja ya humo inachukua dakika 14 hivi. Dakika 14 ni hatari kuliko saa mbili, maana mtu hajinyimi dakika 14. Unasema siku moja tu ya mwisho, nikamwagilie, na alfajiri inakukuta. Ukiibeba, icheze na saa ya ukutani. Kitandani hapana.

Shadow of the Colossus iko kwenye mfuko wa samawati, ile ya PS2 (PlayStation 2) ya mwaka 2005. Majitu 16, hakuna kingine: hakuna vijiji, hakuna maadui wadogo, ni wewe, farasi na uwanda mpana. Yetu imesimama kwa jitu la 13, lile linaloruka juu ya jangwa, na aliyesema tutaendelea kesho si wewe. Konsoli ile hutaibeba, nzito bure, lakini imetengenezwa upya kwa PS4 mwaka 2018 na inakwenda hata kwenye PS5. Anza mwanzo. Ukifika pale pa 13 usipite, nisubiri nikija kukutembelea.

Chrono Trigger ya 1995 ina miisho mingi, kwa hiyo ukiimaliza unaweza kuimaliza tena kwa njia nyingine, na michoro ya wahusika wake ni ya marehemu Akira Toriyama, yule uliyekuwa ukiiga michoro yake. Breath of the Wild ni kubwa mno kwa muhula wa kwanza, ichukue likizo. Journey ya mwaka 2012 utaimaliza kwa saa mbili hivi, usiku mmoja, na ndani yake utakutana na mtu wa mahali fulani duniani ambaye huwezi kumwandikia wala kumtukana, unaweza kumwimbia sauti tu, mkatembea pamoja mpaka mlimani. Jina lake unaonyeshwa ikiisha. Nataka uicheze baada ya zile siku ambazo watu wa mtandaoni wamekuharibia moyo. Najua zipo, nakusikia kupitia ukutani.

Nunua diski kila unapoweza. Duka la mtandaoni la 3DS na Wii U, konsoli za Nintendo, lilifungwa kwa ununuzi tarehe 27 Machi 2023, na gemu ambazo zilikuwa humo tu hazinunuliki tena kwa njia halali. Diski itabaki yako, unaweza kuiuza. Zaidi ya yote unaweza kumwazima jirani, na mtu akiazima kitu ana sababu ya kurudi kugonga mlango. Unaona mimi ninarudi kule kule. Nitarudi mpaka uniambie jina la mtu mmoja anayekujua huko.

Kaseti za zamani nimeamua zibaki hapa. Zile za Pokémon zinasevu kwa betri ndogo iliyolehemewa ndani, na betri ikifa, kila kitu kinafutika. Ya Gold imeanza kuyumba, kwa sababu ile inaendesha na saa ndani yake na inakula betri haraka. Kabla hujaondoka toa Pokémon wako uwahamishie kaseti nyingine kwa ule waya wa kuunganishia, halafu nitampelekea fundi abadilishe betri. Waya uko kwenye droo ya chini, chini ya stakabadhi. Na mwambie mdogo wako aache kupulizia kaseti, mimi hanisikii. Mate yanaleta kutu kwenye yale meno ya shaba. Pamba ya masikioni na spiriti kidogo, basi, aache ikauke ndipo achomeke.

Shangazi yako anauliza kama utapita kwake kabla ya safari. Nimesema ndiyo, kwa hiyo utapita. Runinga ndogo anakupa yeye, lakini ina tundu moja la HDMI, usije ukalalamika. Kitasa cha chumba chako kimetengenezwa. Mdogo wako anataka kuhamia humo wiki hiyo hiyo utakayoondoka na nimemwambia asubiri. Shuka zako mbili ziko tayari, ya tatu haijakauka. Vyeti vyote nimevitia kwenye bahasha moja, usivichanganye na vitabu vya gemu kama ulivyofanya mara ile.

Nijibu leo kuhusu chumba, unakaa na nani. Na unipe rangi ya padi, maana nakwenda kuinunua kesho asubuhi.

Mama yako