Kaka yako si mwenye kiburi

Cape Town,
Jumapili jioni

Shoga yangu Hidaya,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nakata vitunguu, kwa hiyo machozi yote usiyachukue wewe. Nikaona bora nikuandikie, maana kwa simu ningepayuka.

Unasema Kaka Shabani tangu atoke jela hasemi. Mmempa chumba cha uani, mmekipaka rangi, mmetia feni, chakula anapelekewa kwenye sinia mpaka mlangoni, na watoto mmewakataza kelele ili apumzike. Mama anasema jela imemfunza kiburi. Halafu ukataja jambo moja kwa kupita tu, na ndilo lililonikosesha usingizi: kwamba hata mlango ukiwa umerudishwa tu, bila komeo, yeye husimama mbele yake akingoja mtu aje kumfungulia.

Wiki iliyopita nilipeleka wageni wa kazini Robben Island, kile kisiwa kilichokuwa jela. Ukishuka kwenye feri, kila mtu anawaza seli ya Mandela apige picha. Kuna nyumba nyingine huko, ndogo, imezungushiwa uzio, ambayo basi la watalii huipita haraka haraka. Humo aliwekwa Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha PAC kilichopinga utawala wa makaburu. Alifungwa miaka 3 mwaka 1960, baada ya yale maandamano ya kupinga pasi, vile vitambulisho Waafrika walivyolazimishwa kutembea navyo, ambapo polisi waliwaua watu 69 pale Sharpeville. Kifungo kikaisha Mei 1963. Siku ya kutoka haikuja. Bunge la makaburu lilikuwa limeshatunga kifungu cha sheria cha kumzuia yeye, kikawa kinahuishwa mwaka hadi mwaka, naye akapelekwa kisiwani, akakaa huko mpaka 1969.

Sasa nisikilize vizuri, maana ukimwelewa huyu utamwelewa na kaka yako. Sobukwe hakuwa kwenye shimo la giza. Alikuwa na nyumba. Alivaa nguo zake mwenyewe, alisoma vitabu, akachukua na shahada ya uchumi ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya posta. Rafiki yake mwandishi wa habari, Benjamin Pogrund, alikuwa akimwandikia barua. Ukimlinganisha na wenzake waliokuwa wakichimba chokaa juani, unaweza kusema huyu kapata raha. Alichonyimwa ni watu. Wafungwa walipopita karibu na uzio wake ilikuwa marufuku kusemezana, basi akawa anachota udongo mkononi, anauachia uchuruzike kati ya vidole mbele yao. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Na mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wa lugha, Hidaya! Kabla ya jela alikuwa akifundisha Kizulu Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Akafika mahali pa kusema kwamba anasahau kuzungumza.

Kwa hiyo msidhani tatizo ni chumba kuwa kidogo au kichafu. Mngemjengea kaka yako hata ghorofa, akikaa humo peke yake ni yale yale. Nadhani akili ya mtu inajijua kupitia wenzake: unasema neno, mwenzako anacheka au ananuna, basi unajua bado upo. Usipojibiwa muda mrefu unaanza kujijibu mwenyewe, halafu mwisho hata wewe unajichoka. Wanaoshughulika na watu waliofungiwa peke yao wanaeleza mambo yanayofanana fanana: kushtushwa na sauti ndogo kama ya kijiko kikianguka, kusikia kuitwa na hakuna mtu, hasira isiyo na mwenyewe, usingizi wa mang'amung'amu. Hata macho hayaponi. Marekani, jimbo la Louisiana, kulikuwa na mfungwa aitwaye Robert King, alikaa peke yake miaka 29, akatoka 2001. Alieleza kwamba macho yake yalikuwa yamezoea karibu tu, kwa hiyo nje yakawa yanamsumbua kwa vitu vya mbali. Ukuta ulikuwa pale pale siku zote, jicho lingefanya mazoezi wapi?

Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni mwaka 2015 kwamba kumfungia mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo ni marufuku. Kanuni zikapewa jina la Mandela. Sina neno na Mandela, ila mimi ningeziita za Sobukwe. Siku 15! Wewe umeniambia kaka yako alikaa hivyo miezi minane.

Mimi wakati wa korona nilijifungia siku 10, nina simu, nina intaneti, nina majirani wanaopiga ngoma ukutani. Siku ya nane nilijikuta naiamkia birika.

Basi hasira usinikasirikie, lakini chumba cha uani na sinia mlangoni, mmemrudisha kule kule. Mmefanya kwa mapenzi, najua. Ila msije mkageuka sasa mkamwitia ukoo mzima na maulidi juu, atazimia. Anza na mtu mmoja. Mpe Zuhra daftari lake la hesabu akamwulize mjomba. Albert Woodfox, mwenzake King, alikaa hivyo miaka zaidi ya 40, na katika yote aliyojivunia kubwa lilikuwa kumfundisha mfungwa mmoja kusoma. Sinia isiende tena uani. Akitaka kula, aje jikoni, hata kama atakula amesimama. Asiposema, usimjazie maneno. Wewe ongea yako ya bei ya samaki, atakapochoka kukusikia atakukatiza, na siku hiyo unipigie.

Na ukimkuta amesimama mlangoni, usimfungulie. Mwambie mikono yako ina unga, akufungulie wewe.

Nisalimie Mama sana. Ya sinia usimwambie yametoka kwangu.

Shoga yako,
Mwanaidi