Usiiguse tena picha ya Mama

Paris, Jumapili usiku

Ndugu yangu Kombo,

Salaam sana. Sisi wazima, ila baridi inatuchapa. Najua tangu Idi hupokei simu kwa sababu unadhani nitakudai uimalizie ile picha ya Mama. Leo sidai, pokea basi.

Jana nilikwenda makumbusho ya Picasso. Nilijiandaa kuona pua shavuni na macho upande mmoja, zile ulizokuwa ukimtishia Shomari. Nikakutana na picha aliyomchora Olga Khokhlova, mcheza baleti wa kundi la Mrusi Diaghilev. Yeye na Picasso walijuana Rome mwaka 1917, na 1918 wakaoana. Huko mbele ndoa iliharibika, hiyo nitakusimulia siku nyingine. Mtu kazi yake kurukaruka jukwaani, humo kakalishwa kitini na pepeo lake kama anasubiri daktari!

Rangi za mafuta, Kombo. Uso laini, maua ya kitambaa cha kiti yametulizwa moja moja. Halafu nyuma yake hamna kitu. Kanvasi tupu na mikwaruzo ya brashi, kiti kinaelea. Nikasema kumbe hata huyu aliwakimbia wateja. Lakini ipo picha ya kamera, Olga yule yule, kiti kile kile, studio ya Picasso huko Montrouge, karibu na Paris, na nyuma makorokoro tele. Picasso aliyaona, akayaacha.

Nami miaka sita nakusumbua: malizia ukuta, malizia mkeka. Uso wa Mama ulishaumaliza. Na vile vidole juu ya ungo, gumba na cha shahada vimeshika chuya moja, anataka kuitupa. Chini ya ungo penseli tu. Mimi nakudai sakafu! Nisamehe. Usiiguse tena, hata ile alama ya kikombe chako cha kahawa pembeni iache.

Binamu yake Bi Mwana anakuja Desemba. Mpe. Usiikunje, iviringishe rangi ikiwa nje, ingawa hayo wewe ndiye uliyenifundisha.

Bado iko nyuma ya kabati? Mchwa hawajaifikia? Mkono umepona, au bado unashika brashi kwa kushoto? Na niambie kweli: ulishindwa kuimalizia, au hukutaka?

Wako,
Saidi