Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mitaala: Kitabu Kinasema "Sikiliza", Sauti Iko Wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima inayostahili ofisi yako. Tunaandika hadharani kwa sababu barua tulizozipitisha ngazi kwa ngazi hazikujibiwa, na kwa sababu muhula umefunguliwa kwa kitabu kipya cha Kiarabu chenye alama ya spika ubavuni mwa mazoezi, lakini mwanafunzi anayeielekeza simu kwenye msimbo uliochapwa hapo ili afungue sauti anaambiwa ukurasa haupatikani. Amerudi nyumbani na zoezi linalomtaka asikilize ndipo ajibu. Hana cha kusikiliza. Kesho yake anasahihishiwa sifuri.

Dibaji ya kitabu hicho umeitia saini wewe mwenyewe. Humo umeahidi kwamba kila zoezi la kusikiliza litakuwa na sauti yake, bila malipo, ili mtoto apate msaada hata pale ambapo nyumbani hakuna anayejua Kiarabu. Ahadi hiyohiyo ilikuwamo katika toleo lililotangulia. Tunakukumbusha kwa sababu wazazi wameisoma, na wanatuuliza sisi.

Maofisa walio chini yako wametuambia kwamba sauti ni nyongeza tu, kwamba mtoto akisoma maandishi ataelewa. Kwa somo la historia, sawa. Kwa Kiarabu, hapana. Mtoto anayezungumza Kiswahili huja darasani akiwa tayari na th ya thamani, dh ya dhahabu na gh ya ghali. Hizo mara nyingi hazimsumbui. Zinazomsumbua ni ح (ḥaa) na ع (ʿayn) na ق (qaaf), pamoja na zile nzito nne: ص (ṣaad)، ض (ḍaad)، ط (ṭaa)، ظ (ẓaa). Kitabu kinaweza kueleza kwamba ص ni s inayotamkwa huku ulimi umeinuka kwa nyuma. Mtoto atakariri maelezo hayo, na bado سيف ya upanga na صيف ya kiangazi zitatoka sawasawa kinywani mwake. Anachohitaji ni kuyasikia maneno hayo mawili yakifuatana, kwa msomaji mmoja na mwendo mmoja, hadi agundue kwamba tofauti haiko kwenye s peke yake. Iko kwenye irabu inayofuata, ambayo baada ya ص huwa nzito na hurudi nyuma ya kinywa. Akishaisikia irabu, herufi ameipata. Hilo hufanyika kwa dakika chache za kusikiliza na kurudia, na huwezi kulifanya kwa wino.

Ndivyo ilivyo kwa قلب na كلب, moyo na mbwa. Kwa طين na تين, udongo na tini. Kwa عمل na أمل, kazi na tumaini. Zoezi la pili la sura ya kwanza linamtaka mwanafunzi aweke alama kwenye neno alilolisikia katika jozi kama hizo. Bila sauti, anakisia. Akikisia vizuri anapata nusu ya alama na hajajifunza lolote.

Kuna tatizo jingine ambalo hatujawahi kuona likitajwa katika waraka wowote wa ofisi yako, nalo ndilo linalotula muda mwingi kuliko herufi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya hapo hurefuka kidogo. Mtoto huubeba mkazo huo hadi kwenye Kiarabu bila kujua. Jamaal, uzuri, lina mkazo mwishoni na irabu ndefu. Yeye huurudisha mkazo mbele, mwisho ukafupika, na neno likawa jamal, ngamia. Kataba, aliandika, huanza na mkazo kwenye ka; yeye huuhamishia kwenye ta, na anayemsikiliza anasikia irabu ndefu isiyokuwapo. Kisha huongeza irabu mwishoni, kwa kuwa neno la Kiswahili halikubali kuishia na konsonanti mbili: qalb hugeuka qalbi, na qalbi ni "moyo wangu". Makosa haya hayaonekani kwenye daftari. Daftari linaweza kuwa safi kabisa, limejaa tiki, na mtoto akisimama kusoma haeleweki.

Shada, yaani kukaza konsonanti ikatamkwa mara mbili, nayo ni hivyohivyo. Darasa ni alisoma, darrasa ni alifundisha. Ḥamaam ni njiwa, ḥammaam ni bafu. Na zoezi la namba: Kiarabu hutanguliza mamoja kabla ya makumi, hivyo 25 husomwa "tano na ishirini". Mtoto asiyezoezwa kwa sikio huandika kwa mfuatano anaousikia, akaandika 52. Kosa hili haliondoki kwa kuelezwa kanuni. Linaondoka kwa imla fupi za namba kila siku, namba kumi kumi, kila moja ikisomwa mara mbili, na majibu yakisomwa mwishoni ili ajisahihishe mwenyewe.

Tumeambiwa pia kwamba visomo vya Qurani vimejaa kila mahali, basi wanafunzi wasikilize hivyo. Mheshimiwa, hakuna anayetuzidi kuthamini visomo hivyo, na makhraji ya herufi, yaani mahali kila herufi inapotokea kinywani na kooni, hupatikana humo kwa usafi wote. Lakini usomaji wa tajwidi, yaani kanuni za kusoma Qurani, una hukumu zake. Madda, yaani mvuto wa irabu, huvutwa harakati (vipimo vya urefu wa irabu fupi) nne, tano, hata sita. Ghuna, ile sauti ya n na m, hushikiliwa puani. Mwanafunzi akiyachukua hayo na kuyaingiza kwenye mazungumzo ya sokoni yaliyo kwenye sura ya tatu, anaulizia bei ya samaki kwa mavuto ya kisomo. Irabu ndefu ya kawaida ni harakati mbili, basi. Kila namna ya usomaji ina mahali pake, na kazi ya nyumbani inadai msomaji anayesema kama watu wanavyosema.

Mwezi uliopita tukasikia kwamba ofisi inafikiria kutumia sauti ya kompyuta ili kubana matumizi. Tunaomba wazo hilo lichunguzwe kabla halijawafikia watoto. Maandishi ya Kiarabu kwa kawaida hayaandikwi irabu fupi. Kompyuta ikipewa كتب inalazimika kuchagua: kataba (aliandika), kutiba (iliandikwa), au kutub (vitabu)? Ikipewa علم, ni ʿilm (elimu), ʿalam (bendera), au ʿallama (alifundisha)? Mara nyingi huchagua sawa, na mara nyingine hukosea kwa sauti ileile yenye uhakika, na mtoto wa mwaka wa kwanza hana uwezo wa kuishtukia. Kama hakuna njia nyingine, basi matini yote yatiwe irabu kamili, hadi herufi ya mwisho, kisha mwalimu asikilize kila faili akiwa na kitabu mkononi kabla halijatolewa. Lakini ukishafanya hivyo, msomaji mwenye koo zuri angekuwa amemaliza kazi.

Na kusoma kwenyewe si kazi ya kutisha. Tunaeleza namna yake hapa ili asije mtu akasema hatukuleta mapendekezo.

Wasomaji wawe wawili, mwanamume na mwanamke. Hili halihusu mapambo. Kiarabu humsemesha mwanamke kwa umbo lake: "unaandika" ni taktubu kwa mwanamume, taktubiina kwa mwanamke. Sauti za toleo la zamani, zile chache zilizopatikana, zilikuwa za mwanamume akimsemesha mwanamume mwanzo hadi mwisho, na wasichana wetu wakajifunza kuitana kwa anta, "wewe" ya mwanamume. Wasomaji wote wawili washike fus-ha, yaani Kiarabu sanifu. Msomaji wa Kairo akijisahau, ج (j) yake huwa g na ق yake hugeuka hamza, yaani mkato mfupi wa sauti kooni. Kitabu kinasema qalb na sikio la mtoto linapokea alb. Si kosa katika lahaja yake, ila ni kosa katika zoezi hili.

Chumba kiwe na mapazia au magodoro ukutani, feni izimwe, madirisha yafungwe. Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, kwa upande kidogo, ili pumzi ya b na f isiipige moja kwa moja. Kama wanatumia simu, wazime kile kipengele cha kupunguza kelele: huzihesabu ه (h) na ف (f) na ث (th) za mwisho wa neno kuwa kelele, ikazifuta. Tumewahi kupokea faili ambamo kila neno lenye ه ya mwisho lilikuwa limekatwa shingo. Wasirekodi kupitia simu iliyopigwa, kwa maana laini ya kawaida ya simu hupitisha takriban hezi 300 hadi 3400, na kinachotofautisha س na ث na ف kwa sehemu kubwa kiko juu ya hapo. Nusu sekunde ya kimya iachwe mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, la sivyo hamza ya kwanza humezwa.

Kila neno lisomwe mara mbili, likifuatwa na kimya kinachozidi kidogo urefu wa neno lenyewe, ili mwanafunzi apate nafasi ya kurudia. Mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, mara ya pili polepole, na huo upole utoke kinywani mwa msomaji. Ukiachia programu ipunguze mwendo, inazivuta irabu zote, fupi na ndefu pamoja, na jamal inasikika kama jamaal. Yaani msaada unafuta kilekile ulichokuja kufundisha.

Na iamuliwe mapema kama maneno ya msamiati yatasomwa kwa kusimama, bila irabu ya mwisho, au kwa tanwini, ile -un ya mwisho. Kitabu kimechapa kitaabun na madrasatun. Msomaji akisema kitaab na madrasah, yuko sahihi kwa kuwa amesimama, lakini mtoto anayeandika imla anaandika alichosikia na mwalimu asiye na sauti mkononi anamkata alama. Sentensi moja ya Kiswahili mwanzoni mwa faili ingemaliza ugomvi huo.

Kuhusu mafaili. Tunahisi, kwa yale machache tuliyoyaona kabla ukurasa haujatoweka, kwamba yalipakiwa mafaili ghafi kama yalivyotoka studio. Dakika moja ya namna hiyo, stereo, inakula megabaiti kumi hivi. Zoezi la dakika mbili ni megabaiti ishirini na zaidi. Hakuna mzazi atakayemaliza bando kwa zoezi moja, na huenda ndiyo sababu hata hifadhi yenu ikajaa. Sauti ya mtu anayesoma haihitaji stereo. MP3 ya mkondo mmoja kwa kilobiti 64 kwa sekunde inahifadhi kila tunachokihitaji, na dakika mbili zake hazifiki megabaiti moja. Mazoezi yote sitini ya kitabu, kwa wastani wa dakika mbili kila moja, yangekuwa chini ya megabaiti 60. Hiyo ni sehemu ndogo ya memori kadi ya gigabaiti moja. Shule isiyo na intaneti ingepelekewa kadi, walimu wangenakili, wanafunzi wangerushiana kwa simu.

Faili moja liwe zoezi moja, si sura nzima. Jina lake lionyeshe sura na zoezi, 03-07, basi; "sauti mpya ya mwisho 2" haimsaidii mtu. Pamoja na kila faili iwepo nakala ya maandishi yenye irabu kamili na majibu, kwenye karatasi ya pembeni, ili mzazi asiyejua Kiarabu aweze angalau kulinganisha mstari na mstari. Na msimbo unaochapwa kitabuni uelekee kwenye anwani iliyo mikononi mwa ofisi yako, ambayo mnaweza kuielekeza kwingine mkihama. Wino ukishakauka, anwani haibadiliki. Tunaamini hilo ndilo lililotokea safari hii: mkataba wa mwenye tovuti umekwisha na viungo vyote vimekufa naye. Kama tumekosea sababu, tuambiwe sababu.

Kwa sasa pengo hili linazibwa na walimu. Wanarekodi ujumbe wa sauti usiku, kwa simu zao, kwa bando zao, zoezi baada ya zoezi, kila shule kivyake, kila mmoja akirudia kazi ambayo ingefanywa mara moja kwa nchi nzima. Wenye koo zuri wamechoka. Wasio na uhakika na matamshi yao wanaogopa kurekodi, na wanafunzi wao hawapati kitu. Halafu kwenye mtihani wa mwisho sehemu ya kusikiliza ina alama zilezile kwa wote. Hilo, Mheshimiwa, linatukasirisha, na hatutalificha kwa maneno mazuri.

Tulianza na orodha ndefu ya madai. Tumeipunguza, na tunaweza kuipunguza tena. Kama mazoezi sitini hayawezekani muhula huu, tupeni sura nne za kwanza, zenye herufi 28, irabu fupi na ndefu, shada na namba. Mtoto akizipata hizo sikioni, mengine tutayabeba darasani. Kama hata tovuti haiwezekani, leteni mafaili hayo kwenye kadi moja kwa kila ofisi ya elimu, sisi tutayasambaza. Kama wasomaji hamna, wapo miongoni mwetu, watasoma bila malipo, tupeni chumba na siku mbili.

Sauti za sura nne, kabla ya mtihani wa katikati ya muhula. Tunaomba jibu la maandishi, lenye tarehe.

Wako katika kazi hii,
Walimu wa Kiarabu