Risala ya wazazi wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, Maisonneuve, Montréal, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, wazee wetu, kina mama, kina baba na watoto, karibuni sana. Mheshimiwa tunashukuru mno umekubali kuja, tunajua ratiba yako imebana na barabara zenyewe leo ni barafu tupu.

Historia tutaipitia haraka. Hapa Maisonneuve zamani haukuwa mtaa, ulikuwa mji unaojitegemea. Ulizaliwa 1883, mji wa Hochelaga ulipomezwa na Montréal, wenye ardhi wa upande huu wakakataa, wakaanzisha mji wao na meya wao. Wenye viwanda wakasamehewa kodi ili waje, wakaja wa viatu, wa sukari, wa biskuti, mpaka watu wakauita Pittsburgh ya Kanada, kwa jina la ule mji wa viwanda wa Marekani. Viongozi wa mji wakajenga ofisi ya mji, soko kubwa, kituo cha zimamoto na bafu la umma, maana nyumba nyingi za wafanyakazi hazikuwa na bafu. Madeni yakawazidi, 1918 mji ukaingizwa Montréal. Viwanda vingi vikafungwa baadaye, ila cha sukari kule barabara ya Notre-Dame bado kinafanya kazi. Sisi wa Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya tumefika juzi tu lakini huu ndo mtaa wetu, watoto wetu wanapigia picha kwenye ile sanamu ya mama mkulima mwenye kikapu pale sokoni.

Mafanikio ya darasa letu ni makubwa mheshimiwa. Watoto waliokuwa wanajibu bibi zao kwa Kifaransa kwenye simu sasa wanawaamkia shikamoo wenyewe bila kusukumwa, kwaya imealikwa harusini, na kina mama wamenunua masufuria ya shughuli kwa michango yao bila msaada wa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Hatuna chumba. Tunasomeshea besimenti chini ya duka, hita imekufa, watoto wanaandika wamevaa glavu, ukuta wa nyuma una ukungu mweusi ambao tukiufuta wiki hii wiki ijayo umerudi, na mtoto mwenye pumu mama yake ameacha kumleta na hatuwezi kumlaumu. Juu ya hayo mwenye nyumba ametuambia ikifika 1 Julai, siku ambayo Montréal nzima inahama, na sisi tutoke anataka kukarabati, na ukiuliza kodi za pango za kondo, yaani fleti za kisasa, zilizojengwa kwenye viwanda vya zamani unarudi nyumbani kimya.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, hili ombi si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisimama hapohapo ulipo akasema kabla theluji haijaanguka tutakuwa tumehamia, tukapiga makofi na vigelegele. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Wa mwaka jana akasema faili liko mezani, tukipiga simu tunaambiwa tuache ujumbe, tumeacha mpaka basi. Hatusemi haya kwa ubaya, tunasema kwa sababu watoto walisikia zile ahadi na wanatuuliza.

Tunachoomba ni chumba kimoja kwenye jengo lolote la umma, Jumamosi saa nne asubuhi mpaka saa saba, chenye joto na choo kinachofanya kazi. Usafi tutafanya wenyewe, umeme tutachangia. Mji huu ulipokuwa mdogo na wa wafanyakazi watupu uliwajengea watu wake bafu ambalo lipo mpaka leo, sisi hatuombi kujengewa, tunaomba funguo ya mlango uliopo tayari.

Na tunakuomba mheshimiwa, kabla hujapanda gari leo, utuachie jina la mtu wa kumfuatilia na tarehe ya kupata jibu, mwenyekiti ana kalamu na daftari hapa mbele. Chakula kipo tayari, pilau na mbuzi, utakula na sisi.

Tunaomba kuwasilisha.